Mbwa Aliyeachwa Nyumbani Siku ya Chanjo

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, na sioni aibu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema alinitoa Mbinga na masanduku mawili, moja la nguo na moja la maswali, na la nguo ndilo lililokuwa jepesi. Mwaka huu natimiza miaka ishirini na mbili hapa Dedza. Nakaanga mandazi karibu na soko, watu wananiita Natanzania, na bado sijamaliza kuuliza. Katika miaka yote hiyo nimempata mtu mmoja tu aliyenizidi kwa udadisi, naye ni bwana mifugo wetu, Fyson Mkwapatira.

Ukimwona barabarani utadhani ni mtu wa kuuza aiskrimu. Ni mrefu, mwembamba, pikipiki yake ya serikali ina umri wa kuoa, na nyuma amefunga kiboksi cha barafu kwa mpira wa baiskeli. Ndani ya kile kiboksi mna chanjo. Amekuwa akikizungusha milimani kwetu tangu akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, na sasa ndevu zimeanza kuwa nyeupe.

Siku ya kwanza kuzungumza naye alikuja kununua mandazi, akamwona paka wangu amelala juu ya gunia la unga. Hakuniuliza bei. Aliniuliza, "Huyu anakunywa maji wapi?"

"Paka? Anajua mwenyewe."

"Yeye anajua, ila wewe hujui. Na mimi sijui. Tumfuate?"

Nilidhani ananitania. Lakini paka alipoamka akajinyoosha akatoka, yule bwana naye akatoka, na mimi nikatoka na unga mikononi. Watu wazima wawili tunanyatia paka katikati ya soko! Tulipita nyuma ya duka la mbolea, tukapita kwa fundi viatu, tukamkuta mnyama wangu ameinamisha kichwa kwenye mfereji wa kinyozi, anakunywa maji yenye povu la sabuni na nywele za watu. Niliona haya kama niliyefumaniwa. Tangu siku hiyo paka wangu ana bakuli lake, nalisafisha kila asubuhi, na Fyson akipita hulichungulia kabla hajanisalimia.

Ndivyo anavyofanya kazi. Hana hotuba. Atakuuliza mbwa wako alikula nini jana, na ukijibu "makombo" atauliza makombo gani, na mlimbakizia nini siku ambayo nyinyi wenyewe hamkushiba. Atauliza wale paka wachanga sita wa mwaka jana wako wapi, na utaanza kukuna kichwa, kwa sababu unajua walitupwa kwenye gunia. Mara moja kwa mwaka huja na madaktari kutoka Lilongwe wa kuwafunga uzazi mbwa na paka bila malipo. Wanawake huleta paka zao kwa furaha. Wanaume wenye mbwa dume ndio huvuka barabara wakimwona. Mzee mmoja alimwita Bambo, yaani Bwana, akamwambia, "Bambo Mkwapatira, mbwa wangu ukimhasi, mimi nitamtazama vipi usoni?" Fyson akamjibu, "Mtazame kama kawaida, mzee. Hatukuhasi wewe." Soko zima lilicheka, na mzee akamleta mbwa wiki ileile ili isionekane anaogopa.

Sasa niseme habari ya majina, maana bila hiyo hutaelewa yaliyotokea.

Huku kwetu mbwa hapewi jina la kupendeza tu. Mtu akiwa na donge na jirani, au na ndugu, na hawezi kulitamka, humpa mbwa wake jina lenye lile donge. Halafu kila jioni anasimama uani anamwita mbwa kwa sauti. Jirani anasikia, anaelewa, na hana la kufanya, kwa sababu anayeitwa ni mbwa. Nilipofika tu nilisikia mtu akiita, "Hata Mkinuna, njoo ule!" Nikadhani nimesikia vibaya. Kumbe ng'ambo ya uzio walikuwepo walionuna kweli. Tuna mbwa anayeitwa Mmenichoka, tuna Cheka Tu, tuna Nilijenga Mwenyewe. Majina yenyewe ni ya Kichewa, mimi nayaandika kwa Kiswahili ili tuende pamoja.

Fyson, kwa udadisi wake, katika mwaka wake wa kwanza alikuwa anaandika kila jina daftarini, kisha anayasoma kwa sauti ili kuita wenye mbwa mmoja mmoja. Alisoma majina manne. La tano lilikuwa Mchawi Analala Mchana, na aliyelengwa alikuwa amesimama foleni hiyohiyo na kamba ya mbwa mkononi. Ngumi zililia, mbwa nao wakaingia, na chupa za chanjo zikamwagika. Chifu akaamua kesi siku hiyohiyo: kuanzia sasa bwana mifugo hatasoma jina la mbwa hadharani, mwenye mbwa atamnong'oneza sikioni. Amri hiyo imedumu miaka yote hii. Ukienda siku ya chanjo utaona foleni ya watu wenye mbwa, na kila mmoja akifika mbele anainama kwenye sikio la Fyson kama anayeungama dhambi.

Mwezi wa tano mwaka jana ilikuwa siku ya chanjo, kwenye uwanja wa shule. Mimi nilikuwepo na beseni langu la mandazi. Mbele alikuwepo Gresham Chidothi, mwanamume mpole wa kupitiliza, mkulima wa viazi. Yeye ni mkamwini, maana yake amehamia kwenye kijiji cha mkewe, analima ardhi ya ukoo wa mkewe, na kama wakamwini wote hana sauti pale. Zaidi ya yote hasemi moja kwa moja na mama mkwe wake. Hamtazami machoni, hapiti mbele yake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Nyuma yake kabisa, hatua tatu tu, alikuwa amesimama huyo mama mkwe, Agogo Nachisale, yaani Bibi Nachisale, na paka wake ndani ya kikapu. Gresham alikuwa na mbwa mmoja. Alinong'ona, mbwa akachomwa sindano, kadi ikaandikwa, akaondoka mbiombio huku jasho linamtoka, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali. Niliona, nikajiuliza, halafu mtu akataka mandazi ya kwacha mia tano nikasahau.

Agogo Nachisale ni mtu wangu. Ndiye kungwi mkuu wa upande huu, ndiye aliyenifundisha mimi, mgeni, jinsi ya kupiga magoti bila kuonekana ninaomba. Ana mdomo mkali na kicheko kikubwa. Nampenda kama mama.

Mwezi wa nane, asubuhi ya ukungu, nilipelekewa habari kwamba Agogo ameumwa na mbwa. Niliacha mafuta yakiwa motoni, nikakimbia. Nilimkuta ameketi barazani kwake, kigimbi cha mguu wa kulia kina matundu manne, na kwenye matundu wamempaka majivu ya manyoya ya huyohuyo mbwa, dawa ya zamani. Wanawake wawili wamesimama na michi. Walikuwa wanatwanga mahindi ya unyago, mbwa wa Gresham akatokea, hakubweka, akamshika bibi mguu bila kuchokozwa. Walimpiga kwa mchi ndipo akaachia, akaondoka akichechemea.

Fyson alifika dakika chache baada yangu. Hakusalimia. Alitaka ndoo ya maji na kipande cha sabuni, akaanza kuosha majivu yale.

"Unanitolea dawa yangu," Agogo akasema.

"Naitoa, Agogo."

"Na unaosha mpaka lini? Mguu wenyewe ni mmoja."

"Dakika kumi na tano. Natanzania, tazama saa."

Aliosha, akaosha, mimi natazama saa na yeye anauliza. Mbwa alikuwa na mate mengi? Alikula jana? Alipigana na mbwa mgeni katika miezi hii? Wanawake walijibu walichojua. Mmoja akakumbuka kwamba wakati wa kuvuna mahindi kulikuwa na mbwa wa porini, hana mwenyewe, aliyepita akiuma mbwa wa watu, akauawa kwenye kijiji cha mbele. Fyson akasema, "Agogo, tunakwenda hospitali ya wilaya. Sasa hivi."

"Siendi."

"Agogo."

"Wali wangu wa unyago wanatoka wiki ijayo. Wasichana kumi na mmoja, baba. Nani atawatoa? Wewe?" Akacheka kicheko chake, lakini mguu ulikuwa unamuuma, nilimwona. "Mbwa wa mkwe wangu amechanjwa. Nilikuwa nyuma yake kwa macho yangu haya, nimeona sindano ikiingia. Wali wakishatoka, nitakwenda."

"Hata mbwa mwenye kadi kumi, aliyeumwa naye anakwenda hospitali. Wiki ijayo ni mbali."

"Kama amechanjwa, wiki ijayo si mbali. Natanzania, mwulize mkwe ni mbwa gani aliyeniuma."

Gresham alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, nyuma ya mti wa mpichi, uso umeelekea kwingine. Alisikia kila neno. Hata hivyo nilitakiwa kulibeba neno lile kwake, ndiyo adabu. Nikageuka, nikasema, "Bambo Chidothi, mama anauliza ni mbwa gani."

"Mwambie mama ni Bobi. Aliyechanjwa. Kadi hii hapa."

"Agogo, anasema ni Bobi, aliyechanjwa, na kadi anayo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," akasema Agogo. "Umeona, bwana mifugo? Bobi."

Basi wengine wangeridhika. Mimi, nakiri, niliridhika. Nilikuwa nimeanza kufikiria mafuta yangu niliyoyaacha motoni. Lakini Fyson aliichukua ile kadi akaitazama mbele na nyuma.

"Dume, kahawia," alisoma. "Bambo Chidothi, wewe una mbwa wawili, sivyo?"

"Wawili."

"Yule wa pili yukoje?"

"Ni... ni ndugu yake Bobi. Uzao mmoja."

"Dume?"

"Dume."

"Kahawia?"

"Kahawia."

"Naye ana kadi?"

Hapo nilisahau mafuta. Kila mtu kijijini alijua mbwa wa pili wa Gresham anaitwa nani. Tulikuwa tunamsikia akiitwa jioni, na tulikuwa tunainamisha nyuso kuficha kicheko. Anaitwa Hamshibi. Tazama jinsi yule bwana alivyo na adabu: hata tusi lake alilitamka kwa wingi wa heshima. Nani asiyeshiba, hatukuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu uani kwake na uani kwa mama mkwe panatenganishwa na mstari wa mihogo. Lakini kisa chenyewe, kwamba Agogo alikula nini, hakuna aliyekijua. Miaka sita nilikuwa nikiulizia kijanja kisimani, wapi. Hata mkewe alipoulizwa aliinua mabega. Na mkewe siku hiyo hakuwepo, alikuwa Lizulu kwa dada yake aliyejifungua. Wa kuwatofautisha mbwa wale wawili alikuwa Gresham peke yake.

"Mbwa wako wapi?" Fyson akauliza.

Walikuwa chini ya ghala la mahindi, wamefungwa kila mmoja kwenye nguzo yake. Tulikwenda wote, na Agogo naye akaja akijikongoja kwa fimbo, ingawa si desturi yake kuingia uani kwa mkwe. Mmoja alikuwa anachechemea, ana alama ya mchi mgongoni. Huyo ndiye aliyeuma, hapakuwa na ubishi.

"Kwa nini umewafunga wote wawili?"

"Wasigombane."

"Na huyu mwenye alama ndiye Bobi?"

"Ndiye."

Fyson alichuchumaa mbali kidogo na mbwa, mbali kuliko urefu wa kamba, akatuinulia mkono tunyamaze. Mbwa wote wawili walikuwa wamelala. Akaita kwa sauti ya kawaida tu, "Bobi!"

Yule mzima akasimama. Akatikisa mkia, akavuta kamba. Mwenye alama ya mchi hakuinua hata sikio.

"Bobi!" akaita tena. Yuleyule mzima akaanza kulia kwa furaha.

Mimi nilijua kinachofuata. Fyson alimtazama Gresham, akamtazama Agogo, na nadhani alikuwa anafikiria ile amri ya chifu ambayo hajaivunja hata mara moja. Akavuta pumzi.

"Hamshibi!"

Alilitamka lile jina hatua mbili tu kutoka alipokuwa amesimama mama mkwe wa mtu, mchana kweupe. Hakuna aliyecheka. Mbwa mwenye alama ya mchi aliinua kichwa, masikio yakasimama. Akajaribu kunyanyuka kwa mguu wake mbovu, akamtazama Gresham, kwa sababu huyo ndiye aliyezoea kumwita.

"Agogo," Fyson akasema bila kugeuka, "aliyekuuma hakuchanjwa."

Nilikasirika. Nisingekuwa mgeni ningemzaba Gresham kofi. Mama wa watu anakaa na sumu mguuni, na wewe unatunga uongo kwa ajili ya aibu? Lakini nilipomgeukia alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, amefunika uso kwa kofia.

Agogo akasema, "Natanzania. Mwulize kwa nini mmoja alimchanja na mwingine akamwacha."

Sikuhitaji kulibeba. Jibu lilitoka chini ya kofia. "Mwambie mama alikuwa nyuma yangu kwenye foleni."

Sote tulielewa. Angemleta Hamshibi, angetakiwa kumnong'oneza Fyson jina, na mnong'ono hauna uzio. Alijua tangu asubuhi kwamba mama naye anapeleka paka, basi akaona heri mbwa abaki nyumbani. Kwa kutotaka mama mkwe asikie neno ambalo alikuwa akilisikia kila jioni kwa miaka sita! Nimeishi nchi mbili, na sijui mahali pengine ambapo mtu angekosea hivyo. Fyson alivua kofia yake, akaishika. Alisema taratibu, kama anayejisemea, "Ningeweza kukuuliza. Nilikuona una mbwa mmoja, na najua una wawili. Mimi huuliza kila mtu, na siku ile sikuuliza." Ndiyo mara pekee niliyomwona amejichukia.

Agogo alimwachia msaidizi wake wasichana wale kumi na mmoja, akapanda nyuma ya pikipiki ya serikali, akakumbatia kiboksi cha barafu. Kabla hawajaondoka Fyson aliuliza swali la mwisho. "Na wewe, Bambo Chidothi, ulipomfunga kamba, alikulamba? Una mchubuko mikononi?" Gresham alitazama viganja vyake vya mkulima, vilivyojaa mipasuko, akavificha nyuma. Basi naye akaambiwa aje hospitali.

Kuhusu mbwa, watu walitaka kumuua palepale. Fyson alikataa. Alisema mbwa aliyeuma akiuawa hatujui kitu, akifungwa akatazamwa siku kumi tutajua. Alikuja kila siku asubuhi na jioni, na mimi nilikuwa nachungulia kutoka kwenye mihogo, sikuweza kujizuia. Siku ya kwanza Hamshibi alikula. Siku ya pili alitafuna kamba, akatafuna na mawe. Siku ya tatu sauti yake ilibadilika, akawa analia kama mlango mbovu, na taya likalegea. Gresham alikuwa anakaa mbali anamtazama tu. Siku ya nne mbwa alikufa.

Kichwa kilipelekwa maabara Lilongwe, na jibu likarudi: kichaa cha mbwa. Gresham alichimba shimo refu, akauzika mwili akiwa amevaa glavu za Fyson, na alilia waziwazi, mwanamume mzima. Lile dubwana lilikuwa limemlindia viazi miaka sita, na hakuna siku liliyomkosea. Bobi aliongezewa chanjo na kufungwa siku arobaini na tano, Fyson anamhesabia, na mpaka leo ni mzima. Mwezi huohuo bwana mifugo alizunguka nyumba kwa nyumba akitafuta mbwa walioachwa nyumbani. Alipata tisa. Siwezi kuandika majina yao hapa.

Sindano za hospitali zilikuwa za siku nne tofauti. Agogo na mkwe walitakiwa kwenda siku zilezile, na mimi nilikwenda nao kwa sababu nani mwingine angebeba maneno? Tulikaa kwenye benchi la korido, Agogo mwisho huu, Gresham mwisho ule, mimi katikati na mfuko wa mandazi. Agogo akitaka kumpa mkwe ndizi, anapitisha kwangu. Mkwe akishukuru, anashukuru kupitia kwangu. Wagonjwa wengine walikuwa wanatutazama kama sinema.

Siku ya sindano ya mwisho, majibu ya Lilongwe tulikuwa nayo tayari. Ghafla Agogo akainama, akapitisha kichwa mbele yangu, akamtazama Gresham usoni.

"Ungekaa na uongo wako wiki moja tu," alimwambia, "ningekufa, na bado ungesema sijashiba."

Hakusema "Natanzania, mwambie." Alimwambia mwenyewe. Gresham alishtuka akateleza kwenye benchi hadi akapiga goti sakafuni. Mimi nilirudi nyuma kadiri benchi lilivyoruhusu, nikabana pumzi nisikose neno.

"Inuka, sakafu ni chafu," Agogo akasema. "Nimekaa siku kumi na nne nauliza moyo wangu. Nilikula nini, baba? Niambie. Nimechoka kuambiwa na mbwa."

Gresham alizungusha kofia mikononi mara nyingi. Kisha akasema, uso umeinama, "Alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza, mama, nilileta kuku wawili mlangoni kwenu. Sikuwa na kitu kingine. Mkawatazama, mkasema, ‘Wawili tu?’ Mkacheka. Wanawake wote wakacheka."

Agogo alisogeza fimbo yake pembeni.

"Nilisema hivyo?"

"Mlisema, mama."

"Sikumbuki," alisema. Akashika tama. "Nakumbuka mtoto alikuwa na nywele nyingi. Nakumbuka nilicheka mchana kutwa. Nilikuwa nimefurahi, mwanangu. Nilikuwa nakutania."

Gresham alikuwa analia, na Agogo naye alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilitamani niwe mahali pengine popote, na wakati huohuo nisingetoka pale hata kwa kufukuzwa.

Nesi akachungulia mlangoni akaita, "Chidothi!" Gresham aliinuka, akasita, akamtazama mama mkwe wake kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa kuondoka.

"Nenda ukachomwe," Agogo akamwambia. "Nakusubiri hapa."

Kisha akanigeukia, akaniambia nisogee mwisho wa benchi, Gresham akirudi apate nafasi ya kukaa karibu naye.